Skripti ya .bat: nawezaje kupokea ajumenti kwa jina badala ya %1 %2 %3?

mlinzi_wa_faili

Wakuu habari. Nina skripti inaitwa nakili.bat, kazi yake ni kunakili folda ya kazi kwenda diski ya akiba kwa robocopy (programu ya Windows ya kunakili folda), na mpaka juzi tulikuwa tunaiita hivi:

```
nakili.bat "C:\Kazi zetu" D:\akiba 7
```

Yaani ajumenti, zile thamani zinazofuata jina la skripti, zinapokelewa kwa namba: %1 ni chanzo, %2 ni lengo, %3 ni siku ngapi nyuma. Kwangu ilitosha maana niliiandika mwenyewe, mpangilio naujua. Shida ni kwamba wiki iliyopita mwenzangu kaiita kwa kuanza na lengo halafu chanzo, na robocopy haikuuliza chochote, ikachukua faili za akiba za jana ikazibandika juu ya za leo ambazo tulishazifanyia kazi. Nimekuja kujua baadaye kwamba robocopy ikikuta faili mbili zenye jina moja zinatofautiana inaandika tu, haiangalii ipi mpya, labda uipe /XO. Watu watatu tumerudia kazi ya siku nzima. Na mwenzangu simlaumu hata kidogo, nani atakumbuka kipi kinaanza?

Sasa nataka iitwe hivi, kwa mpangilio wowote ule:

```
nakili.bat -chanzo "C:\Kazi zetu" -lengo D:\akiba -siku 7 -jaribu
```

Hiyo -jaribu haina thamani, ikiwepo maana yake ionyeshe tu itakachofanya bila kunakili. -siku ikikosekana iwe 7. Nimeandika hivi:

```
:soma
if "%~1"=="" goto kazi
if /i "%~1"=="-chanzo" (
  shift
  set "chanzo=%~1"
)
if /i "%~1"=="-lengo" (
  shift
  set "lengo=%~1"
)
shift
goto soma
:kazi
echo chanzo: %chanzo%
echo lengo: %lengo%
```

Inanipa chanzo ni "-chanzo" na lengo ni "-lengo"!! Na shift (inayosogeza ajumenti, %2 ikawa %1) iko juu kabisa ya set, naiona kwa macho yangu. Kingine kinachonichanganya, nilijaribu kuandika -chanzo=C:\Kazi, nikachapa %1 nikakuta ni -chanzo peke yake, alama ya = haipo popote. Nimekaa nayo jioni mbili, naomba mnisaidie kuelewa, sio kunipa tu ya kukopi.

---

kistari_kirefu

Umeuliza vizuri, na la kwanza limewasumbua karibu wote walioandika .bat kwa muda.

Iko hivi. cmd (programu ya Windows inayoendesha .bat) haisomi mstari mmoja mmoja, inasoma amri nzima. Na ukiwa na if yenye mabano, amri nzima ni kuanzia neno if mpaka mabano yanapofungwa. Kabla haijatekeleza chochote humo ndani inapita kwanza kwenye kipande chote na kubadilisha kila %1, %~1 (yaani %1 bila nukuu), %chanzo% kuwa maandishi halisi. Kwaiyo inapofika kwenye shift yako, ile set ya chini yake tayari imeshageuka kuwa `set "chanzo=-chanzo"`. Shift inafanya kazi yake kweli, ila imechelewa, set haina tena %~1 ya kuisoma. Kuweka zote kwenye mstari mmoja kwa & hakusaidii, huo nao ni amri moja inayosomwa kwa mkupuo.

Dawa: chukua thamani ikiwa bado iko kwenye %~2, ndio usogeze mara mbili.

```
@echo off
setlocal EnableExtensions DisableDelayedExpansion

set "op_chanzo="
set "op_lengo="
set "op_siku=7"
set "op_jaribu="

:soma
if "%~1"=="" goto tayari
if /i "%~1"=="-chanzo" (
  set "op_chanzo=%~2"
  shift
  shift
  goto soma
)
if /i "%~1"=="-lengo" (
  set "op_lengo=%~2"
  shift
  shift
  goto soma
)
if /i "%~1"=="-siku" (
  set "op_siku=%~2"
  shift
  shift
  goto soma
)
if /i "%~1"=="-jaribu" (
  set "op_jaribu=1"
  shift
  goto soma
)
echo Siijui ajumenti hii: "%~1"
exit /b 2

:tayari
```

Angalia ule mwisho wa lupu. Kitu kisichojulikana kinasimamisha skripti palepale. Usiuache, maana mtu akikosea akaandika -lego badala ya -lengo unataka aambiwe, sio skripti iendelee ikiwa na lengo tupu. Kwa kisa ulichosimulia mi naona hiyo mistari miwili ndio ya muhimu kuliko yote.

setlocal nayo usiitoe. Bila hiyo variabo zinabaki kwenye dirisha la cmd hata skripti ikiisha, na siku ukitoa ile mistari ya juu inayozisafisha, unaiita mara ya pili bila -jaribu na bado inadhani umeipa. Utahangaika kuitafuta hiyo.

Kuhusu alama ya =. Kwa cmd, kinachotenganisha ajumenti sio nafasi tu. Tab, koma, nukta mkato na alama ya = zote zinahesabiwa kama nafasi zikiwa nje ya alama za nukuu. Ndio maana -chanzo=C:\Kazi inafika ikiwa vipande viwili, %1 ni -chanzo na %2 ni C:\Kazi. Na uzuri ni kwamba kwenye lupu ya hapo juu hili linakufaa, mtu akiandika -siku=7 au -siku 7 yote yanapokelewa sawasawa bila wewe kufanya lolote. Upande mbaya ni thamani yenye koma au = ndani yake, hiyo lazima iwe kwenye nukuu la sivyo inakatwa katikati.

---

zamu_ya_usiku

Naongezea kwenye aliyosema kistari_kirefu, sio kumpinga. Ukiwa na ajumenti nne ile lupu ya if ni sawa kabisa. Mimi nilikuwa na kama kumi na tano, nikachoka kuandika if, nikahamia kwenye mtindo wa nukta mbili, /chanzo:C:\Kazi, kwa sababu nukta mbili haiko kwenye zile zinazokata. Ajumenti inafika nzima halafu unaipasua mwenyewe kwa for /f:

```
for /f "tokens=1,* delims=/:" %%a in ("%~1") do set "%%a=%%~b"
```

Ile nyota ndio inayookoa nukta mbili ya C: isipotee, inamaanisha kila kilichobaki baada ya kipande cha kwanza kiende chote kwenye %%b bila kukatwa tena.

Sasa nisikilize hapa maana hili lilinitesa. Unaona nilivyoandika `set "%%a=..."` moja kwa moja? Moja ya ajumenti zangu niliiita /path. Basi mtu anaandika /path:D:\data, skripti inaweka variabo inayoitwa path kuwa D:\data, na hiyo ndiyo PATH yenyewe ya Windows, orodha ya folda inakotafuta programu, cmd haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya variabo. Kuanzia hapo findstr haijulikani, robocopy haijulikani, kila programu ya nje skripti inaniambia haipo, nami nikaenda kukagua kompyuta nzima nikidhani Windows imeharibika. Ukitumia jina linalotoka kwa mtumiaji kuwa jina la variabo, LIPE KIAMBISHI mbele, kama alivyofanya mwenzangu na op_. Na pia uwe na orodha ya majina unayoyakubali:

```
set "majina= chanzo lengo siku jaribu "

:soma
if "%~1"=="" goto tayari
for /f "tokens=1,* delims=/:" %%a in ("%~1") do (
  echo(%majina%|findstr /i /c:" %%a " >nul || (
    echo Siijui ajumenti hii: "%%a"
    exit /b 2
  )
  if "%%~b"=="" (set "op_%%a=1") else (set "op_%%a=%%~b")
)
shift
goto soma
```

Ile if ya mwisho ni kwa ajili ya swichi tupu kama /jaribu. Bila hiyo inakuwa `set "op_jaribu="`, ambayo kwa cmd maana yake ni futa hiyo variabo, yaani kinyume kabisa cha ulichotaka.

Folda yenye nafasi kwenye jina, zungushia nukuu ajumenti nzima: `"/chanzo:C:\Kazi zetu"`. Usianze nukuu katikati baada ya nukta mbili, kwa sababu ukiiingiza ndani ya ("%~1") nukuu zinajifunga na kujifungua vibaya, na kukiwa na mabano kwenye njia kama C:\Program Files (x86) yale mabano yanabaki nje ya nukuu na for inakatika hapohapo.

Na usije ukashawishika kutumia `for %%x in (%*)` eti ni fupi. for ya kawaida ikiona * au ? inadhani unatafuta majina ya faili. Mtu akiandika /? kuomba msaada inapotea kimya kimya, haifiki kwenye lupu kabisa.

---

mlinzi_wa_faili

Asanteni sana wote wawili, hasa hilo la amri nzima kusomwa kwa mkupuo. Nimerudi kwenye skripti zangu za zamani nikakuta sehemu mbili zenye kosa lilelile ambazo zilikuwa zinafanya kazi kwa bahati tu.

Nimechukua ya kistari_kirefu kwa sababu ajumenti zangu ni chache. Inasoma vizuri, mpangilio wowote. Ila kimezuka kipya. Logi naiandika pembeni ya skripti yenyewe, `"%~dp0nakili.log"`, na kabla ya mabadiliko ilikuwa inakaa hapohapo. Sasa haipo, nimeitafuta nimeikuta D:\ kwenye mzizi wa diski! Niliita hivi:

```
nakili.bat -chanzo "C:\Kazi zetu" -lengo D:\akiba
```

Sijagusa kitu kingine zaidi ya hiyo lupu.

---

kistari_kirefu

Hapo kosa ni langu, nilipaswa kukuandikia tangu mwanzo. shift tupu inasogeza kila kitu pamoja na %0. Mwanzoni %0 ni nakili.bat, ukisogeza mara nne kwa mfano wako %0 inakuwa D:\akiba. Ukiuliza %~dp0 unapewa diski na folda inayobeba D:\akiba, ambayo ni D:\. Ndio maana logi umeikuta huko.

Una njia mbili. Ama andika `shift /1` kila mahali, inaanza kusogeza kuanzia %1 na %0 haiguswi. Ama juu kabisa kabla ya lupu weka `set "hapa=%~dp0"` halafu utumie %hapa% baadae. Mi nafanya zote mbili. Na ukumbuke %* haisogei kamwe, shift haiigusi, itakuonyesha mstari wote wa mwanzo hata ukiwa umeshasogeza kila kitu.

Baada ya :tayari bado unahitaji ukaguzi. Kwa sasa mtu akisahau thamani, `-lengo D:\akiba -chanzo -jaribu`, chanzo kinakuwa "-jaribu". Weka hivi:

```
:tayari
if not defined op_chanzo (
  echo Unatakiwa kutaja -chanzo
  exit /b 2
)
if not defined op_lengo (
  echo Unatakiwa kutaja -lengo
  exit /b 2
)
if "%op_chanzo:~0,1%"=="-" (
  echo -chanzo haina thamani
  exit /b 2
)
if "%op_lengo:~0,1%"=="-" (
  echo -lengo haina thamani
  exit /b 2
)
if not exist "%op_chanzo%\" (
  echo Folda ya chanzo haipo: "%op_chanzo%"
  exit /b 2
)
for /f "delims=0123456789" %%n in ("%op_siku%") do (
  echo -siku inataka namba tupu
  exit /b 2
)
```

Fuata mpangilio huo. Ukianza na :~0,1 kwenye variabo ambayo haina kitu cmd inakupa maandishi ya ajabu na if inalinganisha hayo badala ya thamani, kwaiyo not defined lazima itangulie. Ile for ya mwisho nakupa maelezo maana ulisema unataka kuelewa: nimezifanya tarakimu zote kuwa vitenganishi, kwaiyo thamani yenye tarakimu tupu haibakizi kipande chochote na mwili wa for hautekelezwi. Ikibaki herufi hata moja, unaingia ndani na kutoka na kosa.

Halafu kazi yenyewe:

```
set "hali="
if defined op_jaribu set "hali=/L"
robocopy "%op_chanzo%" "%op_lengo%" /E /XO /MAXAGE:%op_siku% %hali% /LOG+:"%hapa%nakili.log"
if %errorlevel% geq 8 exit /b 1
exit /b 0
```

/L ndiyo -jaribu yako, inaorodhesha tu. Na usione errorlevel (namba ambayo programu inarudisha ikimaliza) ni 1 ukaogopa, kwa robocopy hiyo inamaanisha faili zimenakiliwa. Makosa ya kweli yanaanzia 8. Kama Task Scheduler ndiyo inayoiita, bila hiyo mistari miwili ya mwisho itakuwa inaripoti 1 kila ikifanikiwa kunakili.

---

nukta_ps

Nimesoma yote na nauliza kwa nia njema, kwa nini msihamie PowerShell, lugha nyingine ya skripti ya Windows? Kila kitu mlichohangaika nacho hapo juu kwake ni mistari michache:

```
param(
  [Parameter(Mandatory=$true)][string]$Chanzo,
  [Parameter(Mandatory=$true)][string]$Lengo,
  [int]$Siku = 7,
  [switch]$Jaribu
)
```

Majina, mpangilio wowote, chaguomsingi, namba inakaguliwa yenyewe, ya lazima ikikosekana inaulizwa. Na kwa vile kuna [Parameter()] humo, jina lisilojulikana linakataliwa pia. Windows 10 inakuja na PowerShell 5.1 ndani, hakuna cha kusakinisha. Na kama watu wameshazoea kuandika nakili.bat, iache iwe mlango tu:

```
@powershell -NoProfile -ExecutionPolicy Bypass -File "%~dp0nakili.ps1" %*
```

Hapo %* inapeleka mstari kama ulivyoandikwa. Ila -chanzo=C:\Kazi haitakubalika tena kule, inabidi iwe nafasi au nukta mbili.

---

zamu_ya_usiku

Kwa skripti mpya nakubaliana na wewe kabisa, mi mwenyewe siku hizi nikiona ajumenti zimezidi sita siandiki tena kwa .bat. Ila kuna .bat nyingi ambazo zimeshaungwa na vitu vingine na zinafanya kazi vizuri, kuziandika upya zote kwa sababu ya ajumenti tatu ni kujitafutia makosa mapya. Kwa mlinzi_wa_faili naona lupu aliyonayo inatosha.

Na angalizo kwa atakayeita .bat akiwa ndani ya PowerShell: ukiandika "a,b" kwenye nukuu, PowerShell inaona hakuna nafasi ndani inaziondoa nukuu, ikifika cmd koma inakata. Ukikuta thamani imegawanyika wakati una uhakika uliweka nukuu, angalia umeiita kutoka wapi.

---

mlinzi_wa_faili

nukta_ps asante, nimeihifadhi, ikikua zaidi ya hapa nitahamia huko. Kwa sasa nabaki na .bat.

shift /1 imerudisha logi mahali pake. Nimempa yule mwenzangu ajaribu, makusudi nikamwambia aanze na -lengo, imenakili ilivyopasa. Akasahau thamani, imemkatalia. Kimebaki kimoja tu: yeye anapenda kumalizia njia kwa mkwaju, -lengo D:\akiba\ na hapo robocopy inalalamika kuhusu vigezo ambavyo hatujaviandika, kama vile njia na /E vimeshikana.

---

kistari_kirefu

Vimeshikana kweli. Skripti inapeleka "D:\akiba\" na programu nyingi za Windows zikiona \ ikifuatiwa na nukuu zinasoma kwamba hiyo nukuu ni sehemu ya maandishi, kwaiyo njia haifungwi inaendelea kumeza vinavyofuata. cmd yenyewe haina tatizo na hilo, ni robocopy inavyosoma mstari wake. Ongeza kabla ya robocopy:

```
if "%op_chanzo:~-1%"=="\" set "op_chanzo=%op_chanzo%."
if "%op_lengo:~-1%"=="\" set "op_lengo=%op_lengo%."
```

D:\akiba\ inakuwa D:\akiba\. na nukta hapo inamaanisha folda hiyohiyo. Usiukate ule mkwaju kama wengi wanavyofanya, maana mtu akitoa D:\ ukaukata inabaki D: na hiyo ni folda yoyote ambayo cmd imesimama kwenye diski D wakati huo, sio mzizi.

---

mlinzi_wa_faili

Imekubali, zote mbili, D:\akiba\ na D:\ tupu. Naweka hii kwenye kompyuta zote tatu leo jioni, na ya kwanza kila moja nitaipitisha kwa -jaribu nisome orodha kabla sijairuhusu inakili.